Injini Inapogonga Mlimani

Kama unatusikiliza ukiwa kijiweni Kibondo mjini, Kakonko, Makere au Kasulu, sogeza redio karibu kidogo, maana mazungumzo ya leo yanahusu chombo ulichokiegesha hapo pembeni.

Kuna mlio ambao kila dereva wa bodaboda wa miinuko hii anaufahamu. Umebeba abiria na gunia la mahindi, umeshuka bonde la Malagarasi, na sasa unaanza kupanda upande wa pili. Uko gia ya nne, mwendo unapungua, nawe unazidi kuvuta mafuta ili usishushe gia. Hapo injini inaanza: tik-tik-tik-tik, mlio mkavu, wa juujuu, kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Ukiachia mafuta, kimya. Ukishusha gia, kimya. Ukivuta tena, unarudi.

Jibu la kwanza pale kijiweni huwa moja: petroli mbovu. Mimi nitasema jambo tofauti, kisha tulichambue pamoja. Katika miinuko hii ya Buha, mkoani Kigoma, pikipiki inayogonga mlimani mara nyingi imebadilishwa. Kuna mkono wa mtu umepita ndani ya injini ile, ukafunga kifaa kilichotoka kwenye pikipiki nyingine, na hakuna aliyepima baada ya hapo.

Tuingie ndani ya silinda. Plagi inapotoa cheche, petroli na hewa haviwaki vyote kwa mkupuo. Moto unaanzia pale kwenye plagi na kusambaa hadi pembe za mwisho za chumba, na safari hiyo inakula muda. Ni muda mfupi mno, lakini injini nayo haina subira: ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kranki inamaliza mizunguko 100 kila sekunde. Ndiyo sababu cheche hutangulia, ikatoka kabla pistoni haijafika juu kabisa. Injini nyingi za pikipiki zikiwa kwenye sailensa hutoa cheche nyuzi 10 hadi 15 hivi kabla ya kilele, na mwendo ukipanda cheche inatangulia zaidi, hadi kwenye nyuzi 30 au karibu na hapo. Kinachotafutwa ni kwamba msukumo mkubwa kabisa wa moto uikute pistoni imeshavuka kilele na kuanza kushuka, kama nyuzi 15 hivi baada ya kupinduka.

Cheche ikitangulia kupita kiasi, msukumo unajengeka wakati pistoni bado inapanda. Ule mchanganyiko uliobaki pembeni, ambao moto haujaufikia, unabanwa na kupata joto hadi unajiwasha wenyewe, wote kwa wakati mmoja. Kishindo chake kinapiga kuta za silinda na uso wa pistoni, na hicho ndicho unachokisikia. Kikiachwa kwa wiki na miezi, kishindo hicho hicho huvunja kingo za pistoni zinazoshika ringi, huchosha beringi ya konrodi, na mwisho wake pistoni hutoboka.

Usichanganye na milio mingine. Tepeti zilizolegea hupiga wakati wote, hata pikipiki ikiwa imesimama kwenye sailensa. Pistoni iliyokwisha hupiga asubuhi injini ikiwa ya baridi, ikipata joto mlio unapungua. Beringi ya konrodi ina mlio mzito, wa chini, unaousikia hadi kwenye nyayo. Huu wa leo huja injini ikiwa na joto, ikiwa na mzigo, mkono ukiwa umevuta mafuta mengi na mwendo ukiwa mdogo. Fundi anayewasha pikipiki gereji, akaipa moto mara mbili tatu na kusema haina tatizo, bado hajaisikia. Ni lazima aipande, apakize mtu, aende nayo mlimani.

Sasa tuje kwenye pikipiki zetu zenyewe. Honda walipoitoa CG125 mwaka 1976, waliibuni kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo na huchelewa kuonana na fundi. Valvu zake zinasukumwa kwa fimbo ndefu, haina mnyororo wa taimingi wa kulegea. Viwanda vya China viliunakili mtindo ule, vikaukuza hadi 150 na 200, na leo injini za ukoo huo ziko ndani ya pikipiki nyingi za Kichina na ndani ya toyo za magurudumu matatu. Spea zake zinaingiliana sana. Bloki ya hii inakaa kwenye ile baada ya kuchonga kidogo, magineti ya ile inaingia kwenye shafti ya hii, waya za CDI, kile kifaa kinachopanga muda wa cheche, zinalingana. Kijana wa Kasulu anaweza kujenga pikipiki nzima kwa vifaa vilivyotoka kwenye pikipiki nne tofauti, ikawaka, ikabeba watu. Ule ni ujuzi wa kweli na ninauheshimu. Ninachokililia ni kipimo.

Chukua mfano mmoja na tuupigie hesabu. CG125 ina silinda yenye kipenyo cha milimita 56.5, na pistoni inasafiri milimita 49.5. Hizo ni sentimita za ujazo 124. Mgandamizo wake, yaani kompresheni, ni kama 9 kwa 1, maana yake nafasi inayobaki juu ya pistoni ikiwa kileleni ni sentimita za ujazo 15.5. Mwenye pikipiki anataka nguvu ya kupanda na mzigo. Fundi anamfungia bloki na pistoni ya milimita 62, ile ya 150, lakini hedi anarudisha ileile ya zamani kwa sababu bado ni nzima na fedha zimekwisha. Ujazo umepanda hadi 149, nafasi ya juu imebaki 15.5. Jumlisha 149 na 15.5, kisha gawa kwa 15.5. Unapata zaidi ya 10.6. Hakuna aliyekusudia kupandisha kompresheni, lakini imepanda kutoka 9 hadi 10.6, na taimingi ya cheche iliyopangwa kwa ajili ya 9 imeachwa vilevile.

Hata bila kubadilisha bloki, jambo hilo linaweza kutokea. Hedi imepinda kwa joto, ikasuguliwa ili ilale vizuri. Gasketi nene imetolewa, ikawekwa nyembamba. Kwenye silinda ile ya 56.5, ukipunguza milimita 1 tu umekula sentimita za ujazo 2.5. Nafasi inabaki 13, na kompresheni inapanda hadi 10.5. Juu yake weka masizi. Injini inayokula oili hujenga ukoko mgumu juu ya pistoni na kwenye hedi. Ukoko unapunguza nafasi, unashika joto, na oili yenyewe ikichanganyika na petroli inaifanya iwe nyepesi zaidi kujiwasha. Kwa pikipiki ya namna hiyo, kubandua masizi na kubadilisha ringi kunaweza kumaliza kila kitu.

Kuna jambo la mahali petu ambalo huwa silisikii likizungumzwa gereji. Kadiri unavyopanda juu, hewa inakuwa haba. Kwa kila mita 1,000 unapoteza takriban sehemu moja ya kumi. Ziwa Tanganyika lenyewe liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Kasulu na Kibondo ziko juu zaidi ya hapo kwa mamia ya mita. Hewa chache ikiingia kwenye silinda, msukumo kabla ya moto unakuwa mdogo, na uwezekano wa kugonga unapungua. Pikipiki iliyotoka kiwandani hutarajiwa ifanye kazi Dar es Salaam au Tanga, kwenye joto la pwani na hewa nzito, bila kulalamika. Ikiletwa Kibondo inapaswa kuwa tulivu zaidi. Kwa hiyo ikigonga huku kwetu, kwenye hewa inayoihurumia, jua kuna kitu kimetoka mbali sana na kipimo chake.

Hewa hiyohiyo ina upande wa pili. Kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani, ikifika huku, inamwaga petroli nyingi kuliko hewa inayoingia. Dereva analalamika pikipiki inakula mafuta, plagi inakuwa nyeusi. Fundi anabadilisha jeti, anashusha sindano ya kabureta, petroli inapungua. Hadi hapo amefanya vizuri. Shida inaanza dereva anapoomba apunguziwe tena, na tena, ili lita moja imfikishe mbali. Mchanganyiko wenye petroli kidogo na hewa nyingi unawaka kwa joto kali, na joto linaleta kugonga. Dereva huyo akipata safari ya kushuka Kigoma mjini, kando ya ziwa, hewa inazidi kuwa nzito na petroli imebaki ileile kidogo. Pikipiki iliyokuwa inanong'ona Kasulu inaanza kupiga kelele ikirudi, kwenye vilima vya mwanzo tu kutoka Kigoma. Angalia pia ule mpira au ile plastiki kati ya kabureta na hedi. Ikipasuka, inavuta hewa ambayo kabureta haiijui, na hakuna jeti itakayotibu.

Najua kuna anayesema: lakini petroli mbovu ipo. Ndiyo, ipo. Mafuta ya taa yakichanganywa na petroli yanashusha okteni, ule uwezo wa petroli kuvumilia kubanwa bila kujiwasha. Nchi yetu iliteswa na uchakachuaji huo hadi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanzisha mpango wa kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ipungue. Unaponunua kwenye chupa barabarani, hujui kilichomo. Basi pima. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe safi, subiri likauke. Petroli inaruka yote, mafuta ya taa yanaacha doa la utelezi. Halafu fanya kipimo kikubwa zaidi: maliza iliyomo tangini, jaza lita mbili kutoka kituo kingine unachokiamini, rudi kwenye mlima uleule na mzigo uleule. Kama mlio ni uleule, mwache mwenye kituo apumzike, ufungue injini yako.

Mlio huu uliwahi kutibiwa na dunia nzima kwa njia ya mkato. Mwaka 1921, Thomas Midgley, mhandisi wa General Motors huko Marekani, aligundua kwamba kiasi kidogo cha madini ya risasi kikichanganywa na petroli, kugonga kunanyamaza. Injini zilinyamaza kweli. Risasi ikatoka kwenye eksosi kwa miongo mingi, ikaingia kwenye damu za watoto na kudhuru akili zao. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar, Juni 2001, kuiondoa kwenye petroli, na kufikia mwanzoni mwa 2006 zikawa zimeachana nayo. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021. Nalitaja hili kwa sababu gereji zetu nazo zina dawa yao ya kunyamazisha mlio bila kuuliza umetoka wapi, na dawa hiyo ni kurudisha nyuma taimingi kwa kukisia.

Inafanyika hivi. Fundi anafungua magineti, anatazama ile pikapu, kile kifaa kidogo kinachoiambia CDI pistoni iko wapi. Anachukua tupa, anarefusha matundu ya skrubu, anaisogeza pikapu kidogo, anafunga. Pikipiki haigongi tena. Mteja analipa na kushukuru. Lakini kama chanzo kilikuwa kompresheni, masizi au petroli kidogo, vyote bado vimo ndani. Na cheche iliyochelewa inaacha moto ukiwaka hadi valvu ya eksosi inapofunguka. Valvu inaungua, eksosi inakuwa nyekundu usiku, nguvu inapungua, dereva anavuta mafuta zaidi ili apande mlima uleule. Baada ya miezi michache anarudi na hedi mkononi, na hakuna anayekumbuka tupa ile.

Mafundi wangu, kabla ya kusogeza chochote, thibitisheni cheche inatoka wakati gani. Kwenye ukoo huu wa CG magineti iko kushoto, na kwenye ukingo wake kuna alama ya T, pistoni ikiwa kileleni, na F, mahali cheche inapotoka kwenye sailensa. Mbele yake kuna mistari miwili sambamba, kikomo cha kutangulia. Lakini kama magineti imetoka pikipiki nyingine, alama hizo zinaweza kukudanganya. Toa plagi, ingiza mrija wa soda kwenye tundu lake, zungusha magineti taratibu kwa mkono hadi mrija usimame, usipande wala kushuka. Hapo ndipo kilele. Kama T haitazami alama ya kwenye kava, magineti hiyo si ya shafti hiyo, au kii imekatika.

Kii, kile kipande kidogo cha nusu mwezi kinachoishikilia magineti kwenye shafti, ni kitu cha bei ndogo kinachosumbua sana. Nati ya magineti ikilegea, au fundi akiigonga magineti kwa nyundo badala ya kuivuta kwa kifaa chake, kii inaliwa upande. Kwenye shafti yenye kipenyo cha milimita 20, kuhama kwa milimita 1 ni karibu nyuzi 6 za taimingi. Ikihamia upande wa kutanguliza, injini inagonga, na ukipiga kiki inarudisha mguu kwa nguvu ya kuumiza. Kiki inayorudisha mguu ni dalili ya kuaminika kuliko maneno mengi ya kijiweni.

Ikiwa alama zote ziko sawa, inabaki CDI. Kifaa hicho ndicho kinachoamua cheche itangulie kiasi gani kadiri mwendo unavyopanda. Soketi za waya zinaweza kuingiana kabisa, lakini mpangilio wa ndani ukawa wa injini nyingine. Zile zinazouzwa kwa jina la CDI za mashindano zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu zilipangwa kwa ajili ya injini inayokimbia kwenye mzunguko wa juu, na toyo iliyobeba tofali haifanyi kazi hiyo. Kosa la namna hii halionekani kwa macho wala kwenye sailensa. Linataka taa ya taimingi, ile inayobanwa kwenye waya wa plagi na kumulika alama zikizunguka. Vijana watano wa kijiwe kimoja wakichanga, taa moja inatosha gereji nzima, na ningependa kuiona kwenye kila gereji kuanzia Kabingo hadi Manyovu, hasa sasa ambapo lami inawashawishi watu wavute mafuta kwa muda mrefu bila kupumzisha injini.

Plagi nayo inasema. Injini hizi kwa kawaida hutumia D8EA ya NGK. Kwa NGK, namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi. Kwa Bosch ni kinyume chake, kwa hiyo usinunue kwa kulinganisha namba. Itoe mara tu baada ya kupanda mlima, injini ukiwa umeizima palepale. Kauri ya kahawia hafifu ni njema. Nyeupe kama chokaa ni joto, petroli ni kidogo. Ukiona vidoadoa vidogo vya kijivu vinavyong'aa juu ya ile kauri, hiyo ni alumini ya pistoni yako. Simamisha pikipiki siku hiyohiyo.

Najua kusimamisha si rahisi. Madereva wengi wako kwenye mkataba, jioni lazima hesabu ifike kwa bosi, na siku ambayo yeye anaumwa pikipiki inaendeshwa na deiwaka, yaani dereva wa muda, asiyejua chochote kuhusu injini ile. Pikipiki moja inapita kwa mafundi watatu kwa mwaka, na kila mmoja anaongeza kitu chake. Kwa hiyo ninaomba jambo moja dogo kwa wamiliki: wekeni kikaratasi ndani ya mfuko wa plastiki chini ya kiti. Kiandikwe pistoni ni ya milimita ngapi, hedi ni ya injini gani, CDI na magineti vimetoka wapi, jeti ni namba ngapi, na tarehe. Fundi anayefuata atajua aanzie wapi. Nawe dereva, shusha gia mapema mlimani. Injini ndogo inaumia zaidi ikiburuzwa kwenye gia kubwa kuliko ikilia kwenye gia ya pili, na mishikaki ya watu watatu juu ya gunia inaiburuza hata kwenye tambarare.

Na yule mwenye pistoni ya 62 na hedi ya zamani? Kwake kuna kipimo kinachohitaji bomba la sindano la duka la dawa na oili nyepesi kidogo. Weka pistoni kileleni, valvu zote zikiwa zimefungwa. Laza pikipiki hadi tundu la plagi litazame juu. Mimina oili kwa bomba, ukihesabu, hadi ifike pale uzi wa plagi unapoishia kwa ndani. Ili kompresheni irudi kwenye 9, injini hiyo inahitaji nafasi ya sentimita za ujazo 18 na nusu au zaidi kidogo. Ukipata 15 au 16, tafuta hedi ya 150, au gasketi nene, kisha pima tena kwa oili. Ikishafika, vuta oili yote, zungusha injini kwa kiki plagi ikiwa nje hadi mabaki yatoke, funga plagi, na ndipo uchukue taa ya taimingi.